Kubadilisha koili nyumbani: thibitisha kwanza, spana baadaye

Masika yanapoingia Mombasa, magari ya sampuli moja huletwa kwangu kwa wingi: Probox, Vitz au Fielder lenye injini ya Toyota iitwayo 1NZ-FE, linalotetemeka likisimama, lisilovuta mlimani, na taa ya injini inawaka kwenye dashibodi. Mara nyingi mwenye gari huwa amekwisha kununua koili nne, kwa kuwa ameambiwa barazani kwamba gari linalomisi, yaani lenye silinda isiyochoma petroli vizuri, dawa yake ni koili. Kuzibadilisha ni kazi nyepesi, ambayo mtu mwenye soketi namba 10 na subira anaweza kuifanya uani kwake kabla adhana ya adhuhuri haijasikika. Kazi ngumu ni kujua ni koili ipi iliyokufa, kama kweli imekufa, na nini kimeiua. Kwa hiyo sehemu kubwa ya maelezo haya inahusu mambo yanayotangulia spana.

Koili ni transfoma ndogo. Ndani yake mna nyaya mbili za shaba zilizozungushwa kwenye kiini cha chuma: mmoja mnene wenye mizunguko michache, na mwingine mwembamba sana wenye mizunguko inayofikia takriban mara mia ya ile ya kwanza. Kompyuta ya gari huruhusu umeme wa volti 12 upite katika waya mnene kwa milisekunde chache, usumaku ukajengeka, kisha umeme huo hukatwa ghafla. Usumaku unapoporomoka, waya mwembamba huzalisha maelfu ya volti, ambayo hushuka hadi kwenye plagi na kuruka kama cheche. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba koili haitoi kiwango kimoja cha volti kila mara. Volti hupanda mpaka pale cheche inapoweza kuruka, na hapo kupanda kunakoma. Plagi mpya yenye nafasi ya milimita 1.1, ambayo ndiyo ya kawaida kwa injini hizi, huridhika mapema. Plagi iliyolika, ambayo nafasi yake imepanuka, huilazimisha koili ipande juu zaidi kila mzunguko, siku baada ya siku, hadi plastiki inayotenganisha nyaya za ndani inapotoboka. Ndiyo sababu ninapoona koili iliyokufa huwa naiangalia plagi iliyokuwa chini yake kabla sijasema neno lolote kuhusu koili yenyewe. Plagi za iridiamu hustahimili takriban kilomita 100,000. Za kawaida hazifiki hata nusu ya hapo, na magari mengi yaliyoagizwa kutoka Japani huendelea kutembelea plagi ambazo hakuna ajuaye ziliwekwa lini.

Maadui wengine wa koili hapa pwani ni joto, maji na oili. Gari linalosubiri feri ya Likoni mchana, injini ikinguruma na kiyoyozi kimewashwa, halipati upepo wa mwendo wa kulipoza, na joto la chini ya boneti huwapata moja kwa moja wale walioketi juu ya injini, yaani koili. Hewa ya chumvi nayo hula vituo vya umeme ndani ya soketi ya koili hadi vikageuka kijani. Ama maji, sina la kuficha: uharibifu mwingi hauletwi na mvua bali na uoshaji wa injini kwa mpira wa maji yenye kani, ambao huingiza maji kwenye visima vya plagi, yaani mashimo ambamo plagi hukaa, yakatuama humo, na umeme ukapata njia fupi ya kwenda bodini badala ya kuruka kwenye ncha ya plagi. Mtu akitaka injini yake ing'ae, aipanguse kwa kitambaa. Oili huingia visimani kutoka upande wa pili, pale gasketi ya kifuniko cha tapeti na mipira inayozunguka visima vya plagi inapokauka. Ikiulowesha mpira wa koili, ule unaoivika plagi, mpira huo huvimba, hulainika na kupoteza uwezo wa kuuzuia umeme. Ukiweka koili mpya ndani ya kisima chenye oili, umenunua miezi michache tu.

Sasa tuje kwenye kuthibitisha. Unganisha kifaa cha kusomea kompyuta ya gari, hata kile kidogo kinachotumia simu kinatosha, usome namba za hitilafu. P0301 humaanisha kwamba silinda ya kwanza inamisi, P0302 ya pili, na kuendelea hadi P0304. P0300 ni kumisi kusikokuwa na silinda maalumu. Namba za P0351 hadi P0354 ni kundi jingine, kwani zinataja mkondo wa umeme wa koili yenyewe, na hapo waya na soketi hushukiwa sawa na koili. Kwenye 1NZ-FE, silinda ya kwanza iko upande wa cheni ya injini, ambao ni upande wa dereva kwa magari yetu ya usukani wa kulia. Ukisimama mbele ya bampa ukiitazama injini, hiyo ni ya kwanza kutoka mkono wako wa kushoto.

Tuseme umepata P0301. Usinunue kitu bado. Zima injini, ing'oe koili ya silinda ya kwanza, uibadilishane na ya silinda ya tatu, futa namba, kisha uendeshe gari mpaka limisi tena. Namba ikihamia P0303, koili imejishitaki yenyewe, wala huhitaji ushahidi mwingine. Ikibaki P0301, koili haina hatia. Hamisha plagi kwa njia hiyo hiyo, na plagi nayo ikitakasika, tafuta kwenye nozeli inayopuliza petroli au kwenye kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda. Jaribio hili halina gharama yoyote, na ninalipendelea kuliko kipimo chochote cha mita, kwa sababu koili za injini hizi zina saketi ya kielektroniki ndani yake, na kupima ukinzani kwa mita, kama tulivyozoea kwenye koili za Peugeot 504, hakukupi jibu la kuaminika. Mita itumie kuhakikisha tu kwamba volti 12 zinafika kwenye soketi switchi ikiwa imewashwa.

Kuna desturi ya kuchomoa soketi za koili moja baada ya nyingine injini ikiwa inanguruma, ili kusikia ni ipi isiyobadilisha mlio. Siipendi. Kwanza, umeme wa koili huumiza, na mtu mwenye kifaa cha moyo mwilini hapaswi kuukaribia kabisa. Pili, silinda isiyo na cheche inaweza kuendelea kupokea petroli, nayo petroli hiyo mbichi huenda kuungua ndani ya kataliti (kisafisha moshi) kwenye ekzosi na kuiyeyusha. Kwa sababu hiyo hiyo, taa ya injini ikianza kumweka badala ya kuwaka tu, punguza mwendo na usilipeleke gari safari ndefu. Magari ya zamani yalikuwa na koili moja, ambayo ikifa gari lilisimama palepale; haya ya sasa hujikokota kwa silinda tatu, na huko kujikokota ndiko kunakomdanganya dereva kwamba anaweza kuvumilia hadi mwisho wa mwezi.

Katika ununuzi, linganisha namba iliyochapwa kwenye koili yako na ile unayouziwa. Koili nyingi za 1NZ-FE zina namba 90919-02240. Boksi lenye jina kubwa si ushahidi, kwani maboksi huchapwa popote. Tazama koili yenyewe: maandishi yasiyo na ukungu, plastiki isiyo na mikwaruzo ya kalibu, mpira unaonyumbuka, na springi ya ndani iliyokaa imara. Mimi binafsi, nikilazimika kuchagua kati ya koili mpya ya bei ya kutupa na koili halisi ya mtumba wa Japani, huchukua ya mtumba, mradi muuzaji akubali nimrudishie ikishindwa kazi. Na sibadilishi zote nne kwa sababu moja imekufa. Tatu zilizobaki, zikiwa ni za asili na mipira yake ni mizima, mara nyingi ni bora kuliko mpya zinazouzwa karibu nazo. Wahenga walitukataza kuacha mbachao kwa msala upitao. Plagi, lakini, badilisha zote kwa pamoja.

Kazi yenyewe ifanye injini ikiwa imepoa kabisa, kwa kuwa kichwa cha injini ni cha alumini na nyuzi za kufungia plagi huharibika kirahisi kikiwa cha moto. Zima switchi, toa ufunguo. Puliza mchanga na vumbi kuzunguka koili kabla hujalegeza chochote, maana kinachoanguka kisimani huishia ndani ya silinda. Bonyeza kibanio cha soketi hadi kiachie, kisha vuta soketi yenyewe, kamwe usivute nyaya. Plastiki iliyopikwa kwa joto la miaka mingi hukatika kwa haraka ndogo tu. Fungua bolti ya namba 10, zungusha koili kidogo kushoto na kulia ili mpira uachane na plagi, halafu uivute juu wima. Mpira ukikatikia kisimani, utoe kwa koleo nyembamba bila kuusukuma chini.

Tazama kisima kwa tochi. Kikiwa na oili au maji, kikaushe kwa kitambaa kilichofungwa kwenye kijiti kabla hujaigusa plagi. Plagi hutoka kwa soketi ya namba 16, na mpya huingizwa kwa mkono mtupu mizunguko ya kwanza. Ikikataa, irudishe nyuma uanze upya. Mkazo wake wa mwisho ni nyutoni mita 18, na nyuzi zake usizipake grisi, kwani hukufanya ukaze kupita kiasi bila kujua. Grisi ya silikoni isiyopitisha umeme ipake kidogo tu ndani ya mdomo wa mpira wa koili. Bonyeza koili mpaka uhisi imeikamata plagi, funga bolti kwa nyutoni mita 9, ambazo ni nguvu ya kiganja tu, kisha urudishe soketi mpaka isikike ikibana.

Washa gari, uliache likinguruma dakika chache, ufute namba za hitilafu. Kunguruma vizuri uani bado si ushahidi, kwa sababu koili dhaifu hushindwa injini inapobeba mzigo. Washa kiyoyozi, pakia watu, ulipandishe gari mwinuko wa kutoka Kibarani kuelekea Changamwe kwa gia kubwa. Likipanda bila kusitasita, soma kompyuta tena jioni na tena baada ya siku kadhaa za safari za kawaida. Namba ile ile ikirudi kwenye silinda ile ile, chunguza soketi na nyaya zake, hasa pale zinapopinda karibu na bodi ya injini, kabla hujarudi dukani.