Mauser ya Tanga haikuwa ya kisasa hivyo

Ukizungumzia vita vya Tanga vya Novemba 1914, hukosi kuambiwa kwamba askari wa Mjerumani walishinda kwa bunduki zao za kisasa za Mauser. Sivyo. Vita Kuu ya Kwanza vilipoanza, kompania nyingi zilikuwa bado na Mauser ya 1871: risasi mojamoja, kipenyo cha milimita 11, baruti nyeusi. Ukifyatua tu, wingu la moshi mweupe linamwonyesha adui ulipojificha. Mauser 98, yenye risasi tano na baruti isiyotoa moshi, walikuwa nayo wachache. Ndiyo maana mamia ya bunduki za kisasa zilizoachwa Tanga na jeshi la Uingereza lililotoka India zilikuwa neema kubwa kwa von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani.

Kuchanganya Mauser hizi mbili, ya 1871 na ya 98, kuna hatari yake. Mkusanyaji wa ng'ambo anayeuziwa "Mauser ya askari" aangalie kwanza ubavu wa kushoto, nyuma ya mtutu. Akikuta I.G. Mod. 71, hiyo ni ya baruti nyeusi. Akiijaza baruti ya kisasa, shinikizo linaweza kuipasua usoni pake. Achungulie pia ndani ya mtutu: vishimo vya kutu vinaonyesha mwenyewe wa zamani hakuwa akiuosha. Masizi ya baruti nyeusi hunyonya unyevu, kwa hiyo siku hiyohiyo ya kufyatua ni maji ya moto na sabuni, kukausha, kisha mafuta.

Hapa kwetu, kabla ya yote hayo, kuna suala la leseni.