Mchoro Uliopotea si Mchoro Ulioporwa

Riwaya za mapenzi na taharuki zinazohusu sanaa ya kale zina wapenzi wengi, nami ni mmoja wao. Kinachonikera ni namna tunavyozisimulia. Utasikia: "Ni kuhusu mchoro uliopotea." Ukiuliza ulipoteaje, unaambiwa Wanazi waliuchukua nyumbani kwa babu yake yule dada, mhusika mkuu. Basi huo haukupotea. Uliporwa.

Mchoro uliopotea ni ule ambao tuna ushahidi kwamba ulichorwa, iwe ni hati ya malipo, orodha ya mali au nakala za wachoraji wengine, lakini hakuna ajuaye uko wapi wala kama bado upo.

Chukua mchoro wa Caravaggio, mchoraji wa Italia, wa kukamatwa kwa Yesu. Januari 1603 tajiri wa Roma, Ciriaco Mattei, alimlipa skudi 125, sarafu za wakati huo, kwa kazi hiyo. Mwaka 1802 ukoo wa Mattei ukauuza kwa Mskoti, William Hamilton Nisbet, kwa jina la mchoraji mwingine kabisa, Mholanzi Honthorst. Hakuna aliyevunja mlango. Uliuzwa mchana kweupe, ukakaa Uskoti zaidi ya karne moja, kisha daktari mmoja wa Ireland akaununua na kuwapa mapadre Wajesuiti wa Dublin, wakautundika chumba cha kulia. Kilichopotea ni jina la mchoraji tu.

Mwaka 1990 Sergio Benedetti wa Jumba la Taifa la Sanaa la Ireland aliitwa kuangalia michoro ya mapadre hao, akautilia shaka. Uchafu na vanishi ya zamani vilipoondolewa, ilionekana mchoraji alikuwa amelihamisha sikio la Yuda. Anayenakili huwa na mchoro kamili mbele yake, kwa hiyo ni nadra abadili nia namna hiyo. Huko Italia nako, wanafunzi wawili, Francesca Cappelletti na Laura Testa, walikuwa wamepekua madaftari ya ukoo wa Mattei mjini Recanati na kuyakuta malipo yale. Mwaka 1993 mchoro ukaonyeshwa hadharani ukiwa na jina la Caravaggio.

Sasa linganisha na picha ya Adele Bloch-Bauer aliyoichora Klimt, mchoraji wa Austria, mwaka 1907. Wanazi waliitwaa kwa mumewe, Ferdinand, baada ya kuivamia Austria mwaka 1938. Kwa miaka mingi ilitundikwa katika jumba la Belvedere, Vienna, watu wakikata tiketi kwenda kuitazama. Utasemaje imepotea? Warithi, akiwemo Maria Altmann, mpwa wa Ferdinand, walirudishiwa mwaka 2006 baada ya kesi ndefu. Hata ile kazi ya Mholanzi Vermeer iliyoibwa Boston, Marekani, tarehe 18 Machi 1990, ambayo mpaka leo haijulikani ilipo, bado ni mali ya jumba la makumbusho la Gardner.

Hapo ndipo neno linapokuwa na uzito. Ukisema "umepotea", anayeuona anakuwa mgunduzi na tunampigia makofi. Ukisema "uliporwa", kuna familia inayodai chake. Kwa hiyo ndugu msomaji, ukimsimulia mwenzako riwaya ile ya babu na Wanazi, mwambie ni kuhusu mchoro ulioporwa. Taharuki haitapungua, na yule babu atabaki kuwa mwenye mali.