Je, wajua kwa nini nakshi za mlango wa Zanzibar hupotea kwenye picha ya jioni?

Mwanafunzi wa sanaa anayeanza kupiga picha za mtaani kwao Mji Mkongwe hafiki mbali kabla hajasimama mbele ya mlango. Mbao za msaji, misumari ya shaba, miimo iliyochongwa minyororo na samaki, maua yanayopanda mpaka kizingiti cha juu: kila kitu kipo, tena hatua chache kutoka nyumbani. Anasubiri jioni kwa sababu ameambiwa jua la jioni ndilo zuri. Anapiga. Akiifungua picha anaona ubao wa kahawia wenye rangi tamu, na nakshi bapa zisizo na kina.

Hapo lawama huangukia simu. Au huangukia ubao: ni mweusi, unameza mwanga, basi uongezewe. Flashi inawashwa, na picha ya pili inatoka mbaya kuliko ya kwanza. Misumari inameta vidoa vyeupe na michongo haionekani kabisa.

Mlango haukupungukiwa mwanga hata kidogo. Umepata mwanga mwingi kutoka upande usiofaa. Na kwa mlango unaotazama magharibi, jua la jioni ndilo linalotoka upande usiofaa kuliko jua la saa nyingine yoyote.

Ushauri wa kupiga picha asubuhi na jioni si wa uongo. Una sehemu yake, na sehemu hiyo ni ardhi. Mchanga wa Jambiani maji yakitoka, matuta ya shamba, mawe ya njiani: vyote hivi vimelala, na jua likiwa chini huvichora vizuri sana. Rangi ya jua la jioni nayo inapendeza usoni mwa mtu. Ushauri huu pia umeenezwa sana na wapiga picha wa nchi za mbali na ikweta. Kule London jua halipandi kamwe zaidi ya nyuzi 62 hivi kutoka upeo wa macho, hata adhuhuri ya Juni. Hapa kwetu, nyuzi 6 tu kusini mwa ikweta, jua hupita utosini kabisa mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba, na siku nyingine zote jua la adhuhuri haliachi utosi kwa zaidi ya nyuzi 30. Anayeambiwa "jua la mchana ni baya, kaa ndani mpaka saa kumi na moja" anapewa kanuni ya ardhi ya mbali aitumie kwenye ukuta wa hapa.

Mlango haulali. Umesimama.

Fikiria mnazi uwanjani. Saa sita mchana kivuli chake ni kidogo, kimejikunja chini ya shina. Jioni kivuli kinarefuka na kuvuka uwanja mzima, kwa kuwa jua limeshuka na miale yake inaambaa na ardhi. Sasa uinue uwanja huo usimame wima. Uwanja ndio ubao wa mlango, na mnazi ndio ua lililochongwa juu yake, limetokeza mbele badala ya kwenda juu. Ili kivuli cha mnazi huu kirefuke, miale lazima iambae na ubao, yaani itoke juu au ubavuni. Jua lililo utosini, ambalo kwa uwanja ni la adhuhuri, kwa ukuta ni jua la machweo. Na jua la machweo linalopiga mlango usoni ndiyo adhuhuri ya mlango: kila ua linakalia kivuli chake mwenyewe.

Hesabu yake ni fupi. Chukua ua lililotokeza sentimita 1 kutoka kwenye ubao. Miale ikija kwa pembe ya nyuzi 15 kutoka kwenye ubao, kivuli kina urefu wa sentimita 3.7. Kwa nyuzi 30 ni sentimita 1.7. Kwa nyuzi 45 ni sentimita 1 kamili. Kwa nyuzi 60 kinabaki milimita 6, na kwa nyuzi 75 milimita 3, uzi mwembamba ambao kamera ikiwa hatua nne nyuma haitauona.

Kivuli peke yake hakimalizi habari. Milango mingi imesuguliwa na miaka, na michongo yake imekuwa miteremko laini isiyoangusha kivuli chochote. Hapa kinachofanya kazi ni tofauti ya mwanga kati ya mteremko na mteremko. Chukua mteremko ulioinama nyuzi 10 tu. Mwanga ukiupiga ubao moja kwa moja usoni, mteremko huo unapata mwanga pungufu kwa chini ya asilimia 2 ukilinganisha na ubao bapa, na jicho halioni kitu. Mwanga ukija kwa nyuzi 15 kutoka kwenye ubao, mteremko unaoelekea jua unapata zaidi kwa asilimia 63, na ule unaolipa jua mgongo unapata pungufu kwa asilimia 66. Ubao ni uleule, mchongo ni uleule. Tena kwa pembe hiyo ubao mzima unapokea kama robo tu ya mwanga ambao ungeupata jua likiwa usoni. Mwanga umepungua mara nne, nakshi zimejaa.

Flashi ya simu ina kosa la pili juu ya hilo la kwanza. Iko karibu sana na lenzi, kwa hiyo kivuli chochote kinachoangushwa na ua kinaanguka nyuma ya ua hilo, mahali ambapo lenzi haifiki. Kivuli kipo, ila kimefichwa na kile kilichokiangusha.

Basi saa ya mlango unaotazama magharibi inaanza jua linapopinduka, na Visiwani hahitaji mtu programu ya kumwambia. Ni adhuhuri ikiingia. Saa za Afrika Mashariki zimepangwa kwa longitudo ya nyuzi 45 na Mji wa Zanzibar uko karibu na 39, ndiyo maana jua hapa hupinduka baada ya saa sita: karibu saa 6:07 mwanzoni mwa Novemba, na karibu saa 6:37 katikati ya Februari. Baada ya hapo pembe ya miale kutoka kwenye ubao huongezeka kwa takriban nyuzi 15 kila saa moja inayopita.

Mwisho wa muda mzuri nao unatangazwa msikitini. Kwa Mashafii, yaani Waislamu wa madhehebu ya Shafii, ambao ndio wengi hapa, alasiri huingia kivuli cha kitu kikilingana na urefu wake, ukiacha kile kivuli kilichokuwapo jua lilipopinduka. Ukipiga hesabu kwa latitudo yetu, wakati huo jua limefika karibu nyuzi 45 kutoka kwenye ukuta unaotazama magharibi, na inakuwa hivyo Machi, Juni na Desemba pia. Nyuzi 45 ndipo kivuli cha ua kinapolingana na kina chake. Kabla ya alasiri kivuli kinazidi kina, baada yake kinapungua. Mlango wa magharibi upigwe picha kati ya adhuhuri na alasiri, na saa moja na nusu ya mwanzo ndiyo bora. Mlango wa mashariki ni kinyume chake: kuanzia saa tatu na kitu asubuhi mpaka jua kupinduka, na ubora unaongezeka kadiri adhuhuri inavyokaribia.

Hayo ni kwa ukuta unaotazama magharibi au mashariki sawasawa. Mji Mkongwe haukupangwa kwa rula, na kichochoro kinaweza kupinda mara tatu kabla hakijafika Mkunazini. Washa dira ya simu, simama na mgongo mlangoni, soma upande unaoutazama. Mlango ukiwa umegeuka nyuzi 20 upande wowote, saa yake inasogea kwa kiasi, na njia ya kuijua kwa hakika ni kwenda kutazama.

Milango ya kaskazini na kusini ndiyo ya ajabu zaidi. Kuanzia mwanzoni mwa Machi mpaka mwanzoni mwa Oktoba, jua letu la adhuhuri liko upande wa kaskazini. Mwezi wa Juni, pepo za kusi zikivuma, mlango unaotazama kaskazini, usipokingwa na nyumba ya mbele, unapigwa na jua kutwa, na katika kutwa hiyo pembe ya miale kutoka kwenye ubao haipungui nyuzi 23 wala haizidi 30. Hauna saa mbaya. Kinachobadilika ni upande wa kivuli: asubuhi vivuli vya maua vinalala kuelekea magharibi, adhuhuri vinaning'inia chini, jioni vinalala mashariki. Desemba ni zamu ya mlango wa kusini, na pembe zake ni kali zaidi, kati ya nyuzi 17 na 24. Mlango wa kaskazini mwezi huo haupati jua hata dakika moja, kwa hiyo anayeutaka asubiri Juni, masika ikishapita na anga ikitakata. Pemba iko kaskazini kidogo tu ya Unguja, kwa hiyo tarehe zinasogea kwa siku chache na pembe ni karibu zilezile.

Kichochoro chembamba, ambacho wengi wanakilaumu kwa giza, kinamsaidia mpiga picha. Kikiwa na upana wa mita 3 na nyumba ya mbele ina kimo cha mita 10, jua linaufikia mguu wa mlango wa magharibi kwa saa moja na dakika chache tu baada ya kupinduka, na kizingiti cha juu kwa saa moja na nusu hivi. Baada ya hapo nyumba ya mbele inalikinga. Jua lote linaloingia humo ni la kuambaa. Jua la usoni haliwezi kuingia.

Mambo matatu huharibu kazi hii. La kwanza ni roshani iliyo juu ya mlango: inakinga jua la juu, na hapo itabidi kusubiri kidogo mpaka jua lipite chini yake. La pili ni mlango uliozama ukutani. Ukiwa umezama sentimita 20, jua la nyuzi 15 linaacha kivuli cha sentimita 75 kutoka juu, na taji lote la nakshi linabaki gizani. Subiri nyuzi 30, kivuli kishuke mpaka sentimita 35. La tatu ni ukuta wa mbele uliopakwa chokaa na kupigwa na jua. Huo unarudisha mwanga moja kwa moja usoni mwa mlango na kujaza vivuli vyote, na mtu hashuku kitu kwa sababu ukuta uko mgongoni mwake. Kitambaa cheusi kikubwa kilichoshikwa na wawili nyuma ya kamera, au hata buibui, hupunguza tatizo hilo kwa kiasi cha kuonekana.

Kwenye simu, zima flashi, kisha zima HDR, ule mpangilio wa kamera unaosawazisha sehemu za giza na za mwanga. Kazi ya HDR ni kuinua vivuli, na vivuli ndivyo ulivyovifuata. Gusa ubao kwenye skrini na ushikilie mpaka kipimo cha mwanga kijifunge, kisha ukishushe kwa 0.7 mpaka 1. Bila hivyo simu itaufanya ubao mweusi uwe wa kijivu na misumari ya shaba itaungua, yaani itatoka nyeupe tupu. Wenye kamera ya kuseti kwa mkono wakumbuke ile robo: mlango uliopigwa kwa kasi ya sekunde 1/250 jua likiwa usoni utataka karibu 1/60 jua likiwa linaambaa. Rudi nyuma kadiri kichochoro kinavyoruhusu, lenzi iwe sambamba na ubao. Nafasi ikikosekana, piga mwimo mmoja au kizingiti peke yake. Mbao zilizopakwa mafuta karibuni zina mng'ao unaovuruga hesabu zote hizi. Hapo sogea nusu hatua kushoto au kulia mpaka mng'ao uhame. Na hodi itangulie, maana mlango ni wa nyumba ya watu na barazani kuna wenyewe.

Usiku tochi inatosha. Simu iwe kwenye stendi, iachwe ipokee mwanga kwa sekunde 2 mpaka 4, na tochi ishikwe ubavuni kwa nyuzi 15 mpaka 20 kutoka kwenye ubao. Kosa la kawaida ni kuikaribisha mno. Mlango wenye upana wa mita 1, tochi ikiwa mita 1 kutoka ukingo wa karibu, ukingo wa mbali unapata robo ya mwanga wa ule wa karibu. Tochi ikirudi mpaka mita 3, tofauti inashuka kuwa chini ya mara mbili, na picha inashikika.

Usiiweke tochi chini barazani ikamulika kwenda juu. Ubongo wa binadamu huchukulia kwamba mwanga unatoka juu, kwa hiyo mchongo uliomulikwa kutoka chini huwatokea watazamaji wengi kinyume: maua yaliyotokeza yanaonekana mashimo. Kulijaribu hilo hakuhitaji tochi. Chukua picha yoyote nzuri ya nakshi iliyopigwa baada ya adhuhuri, igeuze juu chini, na utazame samaki na minyororo ikizama ndani ya ubao.