Kifaa cha vioo vya stereo: yanayodhaniwa ubovu, na ubovu wenyewe

Kifaa cha vioo vinne kinachofungwa mbele ya lenzi kina kazi moja tu: kupiga picha za stereo, yaani picha mbili za mandhari moja, moja kwa kila jicho, ili zikitazamwa pamoja zionyeshe kina. Vioo viwili vya nje vinapokea mandhari kutoka sehemu mbili zilizoachana sentimita 6 hivi, karibu sawa na macho ya mtu, na viwili vya ndani vinaupeleka mwanga huo kwenye lenzi. Fremu ya filamu ya milimita 24 kwa 36 inagawanyika ikawa picha mbili zilizosimama, kila moja ikiwa na upana usiozidi milimita 18. Hakuna betri wala waya humo. Picha zikiharibika, chanzo huonekana kwenye negativu yenyewe, na ndiyo maana inaniuma kuona watu wakikimbilia bisibisi. Kioo kikishalegezwa, kukirudisha kwenye pembe yake ni kazi ngumu mno.

Dhana: Utepe wenye ukungu katikati ya picha unaonyesha kwamba kioo kimesogea.

Utepe huo hauepukiki. Ukingo ambapo vioo vya ndani vinakutana uko sentimita chache tu mbele ya lenzi, kwa hiyo hauwezi kuonekana kwa ukali wakati lenzi imelengwa mbali. Upana wake unategemea tundu la lenzi. Kwenye f/2, tundu likiwa pana, picha mbili zinaingiliana na kula sehemu kubwa ya fremu; kwenye f/8 au f/11, tundu likiwa dogo, utepe unasinyaa na kukaza. Tena kamera nyingi za SLR, zile unazotazama kupitia lenzi yenyewe, zinakuonyesha mandhari tundu likiwa wazi kabisa, halafu zinalibana pale tu unapobofya. Unachokiona kwenye dirisha la kutazamia la kamera ni kibaya kuliko kitakachobaki kwenye filamu. Kama kamera yako ina kitufe cha kubana tundu kabla ya kupiga, kibonyeze ndipo utoe hukumu.

Kingo za nje zikiwa nyeusi, tazama lenzi kwanza. Vifaa vingi vya aina hii vilikusudiwa lenzi ya milimita 50 au karibu na hapo. Ukifunga ya milimita 28, itapiga picha ya kasha la kifaa chenyewe.

Dhana: Picha moja ikiwa juu kuliko nyingine, kioo kimepinda.

Huenda, lakini mara nyingi kifaa kimezunguka tu kwenye nyuzi za lenzi. Picha mbili za kitu kilekile zinaachana takriban milimita 18 kwenye filamu, kwa hiyo kifaa kikizunguka digrii 2 tu, picha moja inapanda zaidi ya nusu milimita kuliko mwenzake. Macho yanachoka mara moja. Lenzi ambayo sehemu yake ya mbele inazunguka unapolenga ndiyo msumbufu mkubwa hapa: lenga kwanza, kisha nyoosha kifaa, kisha piga.

Kupima ni rahisi. Weka kamera kwenye tripodi, ilenge mstari wa mlalo ulio mbali, kama kilele cha paa, upite katikati ya fremu. Mstari ukikatika na utepe wa katikati nao umelala upande, kifaa kimezunguka. Mstari ukikatika huku utepe umesimama wima sawasawa na kingo za fremu, hapo ndipo kioo kinastahili kushukiwa. Na kama katikati pako sawa ila pembe za juu na za chini zinapishana kidogo, hiyo ni kawaida: vioo vya nje vimeelekezwa ndani kidogo ili picha zote mbili zipate mandhari moja.

Dhana: Kioo kilichovunjika kinaweza kubadilishwa na kipande cha kioo cha kujitazamia.

Hapana. Kioo cha kujitazamia kimepakwa utando upande wa nyuma, na uso wake wa mbele pia unaakisi mwanga kidogo, hivyo kila taa inapata kivuli cha pili. Vioo vya kifaa hiki hupakwa mbele. Ukinunua kilichotumika, sogeza pembe ya karatasi karibu na kioo bila kukigusa: pakibaki nafasi kama unene wa kioo kati ya karatasi na taswira yake, mtu ameshakibadilisha. Utando wa mbele ni laini, kwa hiyo vumbi lipulizwe kwa pampu ya mpira. Ukisugua kwa kitambaa utauchubua, na mchubuko hautengenezeki.

Dhana: Lenzi haifokasi tena.

Duara la kulengea lililo katikati ya dirisha limeangukia kwenye utepe. Lengea pembeni yake, kwenye kioo cha ukungu.

Dhana: Picha zinahitaji kubadilishana nafasi ndipo kina kionekane.

Picha ya jicho la kushoto tayari iko kushoto ukiishika picha wima. Mashimo yakionekana kama vilima, basi unazitazama kwa kukutanisha macho makengeza. Kwa utazamaji huo ndipo ubadilishe nafasi. Kwa kitazamio cha lenzi mbili, ziache zilivyo.

Na macho yakikataa kabisa kuziunganisha ingawa hakuna picha iliyo juu kuliko nyingine, pima umbali wa kitu kilicho karibu zaidi. Kanuni ya wapiga picha wa stereo ni kwamba kitu cha karibu zaidi kiwe mbali mara 30 ya nafasi kati ya vioo viwili vya nje, yaani karibu mita 2. Ua lililo sentimita 50 kutoka kwenye kamera halitaungana, hata vioo viwe vipya.