Mate ya mbu si sumu

Dhana: Mbu hutia sumu, ndiyo maana ngozi inawasha.

Ukweli: Anachotia ni mate, na kazi ya mate hayo ni kuifanya damu iendelee kutiririka. Mshipa ukitobolewa, mwili huanza kuuziba papo hapo: mshipa hujibana, chembe sahani (chembe ndogo za damu zinazoziba jeraha) hukusanyika, damu huganda. Mate yana jibu kwa kila hatua. Kimeng'enya kiitwacho apirasi huvunja ADP, kemikali inayozikusanya chembe sahani. Protini nyingine huizuia thrombini isigandishe damu. Nyingine hutanua mishipa, kama sialokinini ya mbu Aedes aegypti. Zinazonistaajabisha zaidi ni naitroforini za Rhodnius prolixus, kunguni mkubwa wa Amerika ya Kusini: hubeba gesi ya naitriki oksidi hadi jerahani, mishipa ikalegea, kisha protini zilezile zikishaiachia hukamata histamini, kemikali inayoleta muwasho.

Basi muwasho wa mbu unatoka wapi? Ni kinga ya mwili wako inayozipinga protini hizo. Anayeumwa na aina fulani ya mbu kwa mara ya kwanza maishani mara nyingi havimbi kabisa. Uvimbe huanza mwili ukishazitambua. Na anayeumwa miaka nenda rudi huweza kuzoea, asivimbe tena.

Dhana: Mbu huambukiza UKIMWI kwa damu aliyonyonya kwa mwingine.

Ukweli: Haambukizi. Damu hupanda kwa mrija mmoja, mate hushuka kwa mwingine. VVU huishia tumboni mwa mbu, humeng'enywa pamoja na damu. Vimelea vya malaria ndivyo hufika kwenye tezi za mate, baada ya kukua ndani ya mbu kwa siku 10 hivi au zaidi.

Dhana: Mate hubeba ugonjwa tu, hayauongezei nguvu.

Ukweli: Hapa wengi tunayadharau mno. Mate huivuruga kinga mahali pale palipodungwa, na majaribio ya panya yaliyochapishwa mwaka 1988 yalionyesha kuwa mate ya Lutzomyia longipalpis, nzi mdogo anyonyaye damu, huyapa maambukizi ya leishmania, kimelea anachokieneza, nguvu kubwa zaidi. Vimelea vya malale navyo huyadhoofisha mate ya mbung'o anayevibeba. Damu huganda upesi, naye hulazimika kudunga tena na tena ili ashibe. Ndiyo sababu watafiti wameanza kujaribu chanjo zinazolenga mate yenyewe.