Bandari Haijaenda Popote: Tunayodanganyana Kuhusu Mchina na Mikopo Yake

"Wakili, hebu tuambie ukweli. Bandari ishauzwa ama bado?"

Swali hili nimeulizwa ofisini, nje ya msikiti, na kwenye foleni ya feri ya Likoni. Juzi nimeulizwa na wakala wa forodha ambaye namtungia mikataba mwaka wa kumi na moja sasa, mtu anayeingia bandarini Kilindini, hapa Mombasa, kila siku ya Mungu. Mkono mmoja andazi, mkono mwingine faili la kontena. Nimechoka. Naandika mara moja, atakayeuliza tena nitamtumia hii.

Dhana: Tukishindwa kulipa deni la SGR, Mchina anachukua bandari ya Mombasa

Chanzo chake nakijua. Mwishoni mwa 2018 ilivuja barua ya ofisi ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu wa Kenya iliyosema mali ya Halmashauri ya Bandari imo hatarini kwa sababu ya mkopo wa SGR, reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi, kutoka Benki ya Exim ya China. Watu wakaiunganisha na habari ya Sri Lanka, hadithi ikakamilika: kule wamechukua, hapa watachukua.

Tuanze na Sri Lanka. Bandari ya Hambantota haikukamatwa. Mwaka 2017 nchi ile ilikuwa na uhaba wa dola, ikaikodisha kwa kampuni ya China Merchants kwa miaka 99 na kupata dola bilioni 1.12. Fedha zile hazikufuta mkopo uliojenga bandari. Zilikwenda kutunisha akiba ya fedha za kigeni, na Exim ikaendelea kudai chake. Miaka 99 ni mingi, wala siitetei biashara ile. Lakini mpangaji uliyempa nyumba kwa kodi ya mkupuo si dalali wa mahakama aliyekuja kung'oa mlango, na mwanasheria akikuchanganyia hao wawili, mdai hela zako.

Sasa Mombasa. Kinachotisha watu ni kifungu ambacho Kenya ilikubali kuvua kinga yake kama nchi huru, yaani ishtakiwe na mali yake ifuatwe kama mdaiwa yeyote. Kinatisha kweli, ila hakikubuniwa Beijing. Kimo katika hatifungani karibu zote, yaani hati za deni, ambazo nchi zetu huuza London. Na mwenye hatifungani ameshawahi kukamata kitu chenye uzito kuliko barua iliyovuja: Oktoba 2012, meli ya jeshi la majini la Argentina, Libertad, ilizuiwa bandarini Tema, Ghana, kwa amri ya mahakama iliyoombwa na mfuko wa mabepari wa New York waliokuwa wakidai hatifungani za zamani. Ilikaa pale hadi Desemba, Mahakama ya Kimataifa ya Sheria ya Bahari huko Hamburg ilipoagiza iachiliwe. Hakuna aliyeniuliza foleni ya feri kama New York watachukua Kilindini.

Mchina alitaka nini basi? Jiulize Exim ifanye nini na kreni na matishali. Ile ni benki ya serikali, mkono wa sera ya nje ya nchi yake, na kazi yake ni kuhakikisha makampuni ya Kichina yanapata kandarasi na mkopo unarudi. Kisima kibaki chako, mradi ndoo zako zimehesabiwa.

Na zilihesabiwa. Bandari iliahidi kuipa reli shehena ya kiwango fulani kila mwaka, na ikipungua, bandari ifidie pengo. Ahadi hiyo ndiyo iliyozaa amri ya 2019, kwamba makontena ya bara yapande treni hadi Embakasi, Nairobi. Wenye malori waliyaegesha. Mabohari ya Changamwe yakabaki na walinzi. Wapika chai wa Mariakani, kwenye njia ya malori, ambao hawajawahi kuona mkataba wa aina yoyote, walijua makali ya sera ya nje ya China kabla ya mabalozi. Mombasa iliandamana Jumatatu kwa Jumatatu, na amri haikuondolewa hadi 2022, serikali mpya ilipoingia. Miaka yote hiyo bandari ilikuwa yetu.

Nikamwambia wakala wangu afungue faili lake. Nikaweka kidole kwenye ushuru wa reli, uliokaa kimya kati ya ada nyingine. Ulianza 2013 kwa asilimia 1.5 ya thamani ya mzigo, kabla mkopo wenyewe haujatiwa saini.

"Bandari unayoiuliza," nikamwambia, "inalipiwa hapa."

"Hii? Hii si tunalipa kila siku?"

Basi.

Hata Entebbe, Uganda, mwaka 2021 kelele zilikuwa zilezile, kwamba uwanja wa ndege umekwenda. Mkopo ulikuwa wa 2015, takriban dola milioni 200, na kilichokuwa kizito ndani yake ni kwamba mapato ya uwanja yatangulie kulipa deni. Ushauri wangu haubadiliki, nao wateja wanaujua hadi wananikatiza: mkataba wa nchi ni kama wa duka. Ruka kurasa za maneno ya urafiki, tafuta kifungu cha akaunti. Pesa zinatua wapi kwanza, na nani anasaini zitoke?

Dhana: Mchina hana masharti

Anayo, ila hayahusu uchaguzi wako. La kwanza ni Taiwan: ukiitambua, sahau mkopo. Afrika nzima imebaki Eswatini peke yake. Mengine yamo ndani ya karatasi. Mkandarasi atoke China, mgogoro wa SGR usuluhishwe Beijing kwa sheria ya China, na mkataba uwe siri. Mkopo ule ulisainiwa 2014; Wakenya walionyeshwa baadhi ya kurasa Novemba 2022.

Dhana: Anataka madini tu

Angekuwa anataka madini tu angeishia Kolwezi kwenye machimbo ya Kongo, asingefika Miritini kwenye stesheni yetu ya SGR. Kura anazitaka vilevile. Mwaka 1971 Umoja wa Mataifa uliirudishia Beijing kiti chake kwa kura 76 dhidi ya 35, na zaidi ya ishirini kati ya hizo 76 zilikuwa za Afrika, Tanzania ikiwa mstari wa mbele. Wakati huo TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, kilomita 1,860, ilikuwa ikijengwa kwa mkopo usio na riba. Tangu 1991 waziri wa mambo ya nje wa China hufungua mwaka kwa safari ya Afrika. Huwezi kuelewa sera yao kwa kuangalia machimbo peke yake.

Dhana: Siku moja atasamehe yote

Husamehe, lakini soma alichosamehe. Mwaka 2022 walitangaza kufuta mikopo 23 katika nchi 17 za Afrika. Yote ilikuwa ile isiyo na riba, iliyokwisha kufikia tarehe ya kulipwa, vijisenti ukilinganisha na vya Exim. Zambia ilishindwa kulipa Novemba 2020, ikafika Juni 2023 ndipo wadai wa kiserikali, China ikiwa kubwa lao, walipokubaliana nayo, na walichokubali zaidi ni kusogeza tarehe mbele.

Kenya nayo 2025 ilipata nafuu yake: mikopo mitatu ya reli ikageuzwa kutoka dola kuwa yuan ili riba ipungue. Deni liko palepale. Wakala wangu akaniuliza kama na ule ushuru kwenye faili lake utageuzwa uwe yuan. Nikamwambia amalizie andazi lake, chai inapoa.