Daudi ni nabii au mfalme? Inategemea unamuuliza nani

Kuna swali haliniishi darasani, na nimefundisha dini linganishi miaka kadhaa sasa: mwalimu, kama Wayahudi na Waislamu wote wana Ibrahimu, wana Musa, wana Daudi, na wote wana kitabu, mbona hawakubaliani? Huwa najibu acha majina kwanza, tafuta kilele cha unabii kiko wapi. Kwa Wayahudi kiko mwanzoni, kwa Waislamu kiko mwishoni.

Kumbukumbu la Torati 34:10 inasema hakuinuka tena nabii katika Israeli kama Musa, na Hesabu 12 inaeleza kwa nini: manabii wengine Mungu huwajia kwa ndoto na maono, ila Musa anaongea naye mdomo kwa mdomo. Kwa hiyo Torati, vile vitabu 5, inakaa juu peke yake, chini yake Manabii, chini yake tena Maandiko, na hizo tatu pamoja ndo Tanakh. Ni ngazi inayoshuka. Isaya pamoja na ukubwa wake wote hawezi kuongeza wala kufuta hata amri moja ya Musa, kazi yake ni kuwakaripia watu warudi kwenye kile walichokwisha kupewa. Qur'ani nayo inasema Mwenyezi Mungu alizungumza na Musa (4:164), ndo maana Waislamu wanamwita Kalimullah, yaani aliyesemezwa na Mungu, lakini hiyo haimfanyi kuwa kilele. Ujumbe wa tauhidi, yaani Mungu ni mmoja, ni uleule tangu Adamu, manabii 25 wametajwa kwa majina, kila mmoja anaupokea na kuupitisha mpaka unafika kwa Muhammad, na hapo mlango unafungwa (33:40).

Sasa mtazame Daudi. Kwa Muislamu ni nabii na Zaburi ni kitabu alichoteremshiwa, kama Musa alivyoteremshiwa Taurati. Ukifungua Tanakh unaikuta Zaburi kwenye fungu la tatu, Maandiko, wala haimo kwenye Manabii. Ni sauti ya mtu inayopanda juu, analia, anashukuru, analalamika, tena kwa msaada wa roho takatifu, ila si Mungu anayempa maneno kwa imla. (Danieli naye yuko fungu hilohilo na Talmud, mkusanyo wa mijadala ya marabi, yaani walimu wa dini wa Kiyahudi, inasema wazi hakuwa nabii, wenye Biblia za Kikristo hapa huwa wanashtuka.) Afu kuna ile habari ya Bathsheba, mke wa mtu ambaye Daudi alizini naye, Samweli wa Pili haimfichi, nabii Nathani anamwambia mfalme usoni "wewe ndiwe mtu huyo". Qur'ani sura ya 38 ina wagombanao wawili na kondoo 99, ina Daudi anaomba msamaha, mwanamke hatajwi, na wanazuoni wengi wameilinda isma ya nabii hapo, yaani kukingwa kwake na dhambi. Msikimbilie kusema Wayahudi hawajali heshima ya Daudi lakini, maana Talmud hiyohiyo (Shabbat 56a) ina mwalimu anayesema anayedai Daudi alitenda dhambi amekosea!

Sehemu ninayoipenda mimi ni hii, unabii ukiisha nani anashika usukani? Marabi wanasema baada ya Hagai, Zekaria na Malaki roho takatifu iliondoka Israeli. Basi kuna kisa kwenye Talmud, Bava Metzia 59b, wanabishana kuhusu tanuri, yaani tanuri tu la udongo lililokatwa vipandevipande na kutiwa mchanga katikati, linaweza kunajisika au la. Rabi Eliezer yuko peke yake upande mmoja. Anasema kama niko sahihi mti huu ung'oke, unang'oka. Maji yanarudi nyuma, kuta za chuo zinainama, mwisho sauti inatoka mbinguni kwamba Eliezer yuko sahihi. Rabi Yehoshua anasimama anasema "haiko mbinguni", ananukuu Torati yenyewe, maana yake Mungu alishatupatia kitabu sasa wengi wakiamua ndo imeamuliwa. Na Mungu, kisa kinasema, alicheka: wanangu wamenishinda.

Kwa Waislamu kuna hadithi kwamba wanazuoni ni warithi wa manabii, na ijtihadi ipo (mwanazuoni kujitafutia hukumu), na ijmai ipo (makubaliano ya wanazuoni), so mtu anaweza kusema mbona ni kitu kimoja. Zinakaribiana kweli, ila mrithi hapa analinda amana. Kwenye Talmud, Bava Batra 12a, marabi wamefika mbali zaidi, wanasema mwenye hekima ni bora kuliko nabii.

Na msifikiri Wayahudi na Waislamu walikuwa hawasikilizani. Maimonides, rabi mkubwa wa Misri aliyefariki 1204, aliandika misingi 13 ya imani kwa Kiarabu, kwa herufi za Kiebrania. Wa saba: Musa ndiye baba wa manabii wote, waliotangulia na waliokuja baada yake. Wa tisa unasema Torati haitafutwa, na neno alilotumia hapo ni naskh, yaani kufutwa kwa hukumu, lilelile la masheikh.